Machozi ya Saa 10 Alasiri

Katika miezi mitatu ya mwanzo ya dawa za upungufu wa umakini, mwanangu alikuwa akilia kila siku ifikapo saa 10 alasiri. Hakupigwa na mtu, wala hakuwa na homa. Alilia kwa kuwa kanda ya ndara imekatika, kwa kuwa nduguye mdogo amekalia upande wake wa mkeka, kwa kuwa samaki aliyetengewa ana miiba kuliko wa jana. Kilio hicho kilidumu dakika 40 hivi, mara nyingine saa nzima, kisha kikakatika kama ambacho hakikuwapo, na kabla ya adhana ya magharibi alikuwa ameshateremka gatini na wenzake kuruka majini. Mama mkwe wangu, ambaye tunakaa naye nyumba moja hapa mtaa wa Langoni, Lamu, alitoa hukumu yake mapema: "Mwanangu, dawa hizi zamharibu mtoto. Asubuhi yu mpole kama maji ya mtungini, jioni yu kama aliyepandwa."

Sikumbishia, kwa sababu alichokiona yeye ndicho nilichokiona na mimi. Nafundisha kemia katika shule ya upili, na kwa miaka 14 nimewaeleza watoto wa watu kwamba huwezi kuuzungumzia mmenyuko wowote bila kutaja wingi wa vitu vilivyomo na muda uliopita tangu vichanganywe. Hata hivyo ilinichukua miezi mitatu kulitumia somo hilo nyumbani kwangu. Tulikuwa tukiulizana iwapo dawa inamfurahisha mtoto au inamhuzunisha, na hatukuulizana ni saa ngapi.

Niseme kwa ufupi tulivyofika kwenye dawa, maana safari hiyo kila mzazi anaijua kwa njia yake. Mtoto alikuwa na mapepe tangu alipoanza kutembea. Vitabu aliviacha njiani, maneno ya watu aliyakata katikati, na juzuu aliyohifadhi jana leo alikuwa haioni. Alinyweshwa kombe, na sioni haya kulisema, kwa sababu halikumdhuru na lilimtuliza bibi yake. Shule ya kwanza ilimwita mkaidi. Hatimaye tulivuka kwa boti hadi Mokowe, tukapanda basi, tukamwona daktari wa magonjwa ya akili Mombasa, ambaye alimpima masikio na macho, akauliza habari za usingizi, akatupa sisi na mwalimu wake karatasi za maswali, na mara ya pili ndipo akatuambia kuwa ni ule upungufu wa umakini ambao madaktari huufupisha ADHD. Alimwanzishia methilifenideti, ambayo wengi huijua kwa jina la Ritalin: miligramu 5 baada ya chai ya asubuhi, na miligramu 5 nyingine saa 5 na nusu, kwa mkono wa mwalimu wa darasa.

Sasa niieleze kemia yenyewe, na nitaieleza kwa birika, kwa kuwa katika mji huu hakuna asiyelijua birika la kutawadhia, lile hodhi la maji. Seli za neva hazigusani. Kati ya moja na nyingine kuna mwanya mdogo mno, na ujumbe huvuka mwanya huo kwa kemikali zinazomwagwa na seli ya upande mmoja na kupokewa na vipokezi vya upande wa pili. Mbili kati ya kemikali hizo ndizo zinazotuhusu hapa, dopamini na noradrenalini. Zikishamwagwa hazikai hapo daima, kwa sababu seli iliyozimwaga ina visafirishi, yaani protini zinazofanya kazi ya tundu la kutolea maji birikani, zinazozinyonya kemikali hizo na kuzirudisha ndani zitumike tena. Methilifenideti huziba sehemu ya matundu hayo. Maji yanayoingia ni yale yale, lakini kwa kuwa yanatoka polepole zaidi, kina chake birikani hupanda. Amfetamini, ambayo ni ndugu yake na hutumika kwa tatizo hilo hilo katika nchi kadhaa, huenda mbali zaidi: yenyewe huingia ndani ya seli, huitoa dopamini katika vifuko ilimohifadhiwa, na hulifanya tundu la kutolea maji liwe mfereji wa kuyaingizia.

Kina cha maji hayo kina kipimo chake. Gamba la mbele la ubongo, lile lililo nyuma ya paji la uso, ambalo hutuwezesha kushika jambo akilini huku tukilizuia lingine, hufanya kazi vyema kemikali hizo zikiwa za wastani. Zikipungua sana, mtu huwa kama aliyesinzia macho wazi. Zikizidi sana, kama inavyotokea katika hofu kubwa, mtu huganda au hukwama kwenye wazo moja. Amy Arnsten wa Chuo Kikuu cha Yale ametumia miaka mingi akiuchunguza mpindo huo, ambao hupanda, hufika kileleni, kisha hushuka upande wa pili. Ndiyo maana dawa hii haipimwi kwa uzito wa mtoto peke yake, na ndiyo maana daktari huanza na kidogo na kuongeza wiki baada ya wiki huku akiuliza maswali.

Watu wengi wamezoea kuiita dopamini kemikali ya furaha, na jina hilo lilinipotosha mimi kwanza. Nilitarajia mtoto mwenye dopamini zaidi awe mchangamfu zaidi. Kazi ya dopamini inaelekea zaidi kwenye kutia alama: huuambia ubongo kwamba jambo hili lina thamani, lifuatwe, lisiachwe. Nora Volkow na wenzake, ambao katika miaka ya 1990 na mwanzoni mwa miaka ya 2000 walizipiga picha bongo za watu waliomeza methilifenideti, walionyesha kwamba dozi za kawaida za matibabu huziba zaidi ya nusu ya visafirishi vya dopamini, na kwamba dawa hiyo huongeza mvuto wa kazi iliyo mbele ya mtu, hata ikiwa ni hesabu kavu. Nilipoisoma habari hiyo nilimkumbuka mwanangu akiwa na daftari lake la hesabu za sehemu; hakuwa akicheka wala kununa, alikuwa tu ameona kuwa sehemu hizo zinafaa kumalizwa. Kisafirishi cha serotonini, ambacho ndicho kinacholengwa na dawa nyingi za huzuni, methilifenideti haikigusi kwa kiasi cha maana. Kwa hiyo anayempa mtoto dawa hii akitumaini itamwondolea majonzi anagonga mlango wa jirani.

Turudi kwenye machozi. Niliweka daftari, na kwa majuma mawili niliandika saa ya kumeza, saa ya kula, saa ya kucheka na saa ya kulia, bila kuandika sababu, kwa maana sababu za mtoto aliaye hazina mwisho. Lilipojaa, jambo likawa wazi kiasi cha kunitahayarisha. Kidonge cha kawaida cha methilifenideti huanza kufanya kazi kati ya nusu saa na saa moja, hufika kileleni karibu na saa mbili, na katika muda wa saa mbili hadi tatu nusu ya kiasi kilicho mwilini huwa kimeondoka, hivi kwamba manufaa yake hudumu saa tatu au nne. Kidonge cha saa 5 na nusu kilikuwa kikimwacha mwanangu baina ya saa 9 na saa 10. Matundu ya birika yalikuwa yakizibuka, maji yakishuka upesi, na mtoto akaachwa kwa muda kwenye kina cha chini, akiwa amechoka, na juu ya yote akiwa na njaa asiyoijua, kwa sababu dawa hiyo hiyo ilikuwa imemnyima hamu ya chakula cha mchana. Mkebe wake ulikuwa ukirudi na mahamri yale yale niliyoyafunga asubuhi.

Madaktari huiita hali hii mrejeo, na watu wa mji huu wangeielewa bila jina, kwa sababu tumezoea kwamba mkondo wa Mkanda hupitika maji yakijaa, na nahodha aliyechelewa hukwama topeni na kulala humo. Hakuna anayesema bahari imebadilika tabia. Lakini saa hiyo ya kupwa ndiyo hasa iliyokuwa saa ya chuo cha Kurani. Ustadhi wake, mtu mwema, alikuwa akimpokea akiwa katika hali mbaya kuliko zote za siku, na ripoti aliyonipa ilikuwa ya mtoto mwingine kabisa na yule aliyeelezwa na mwalimu wa shule. Kila mmoja wao alisema kweli.

Daktari alitupa njia tatu tuzijaribu moja moja. Ya kwanza ilikuwa chakula: uji mzito na mayai kabla ya kidonge cha asubuhi, na kitu cha kushiba mara tu arudipo shule, kabla hajaulizwa lolote. Hiyo peke yake ilipunguza kilio kwa karibu nusu. Ya pili ilikuwa kidonge kidogo cha tatu saa 9, ili mteremko uwe wa polepole. Kilizuia machozi vizuri, lakini usiku mtoto alikuwa akihesabu boriti za dari hadi saa 6, tukakiacha baada ya siku tano. Ya tatu haikuwa dawa. Tuliomba chuoni aanze nusu saa baadaye, na nyumbani tukaafikiana kwamba katika saa hiyo hakuna hesabu ya makosa, hakuna kazi ya shule, na hakuna kumuuliza kwa nini analia.

Lipo jambo jingine ambalo lilinitia hofu kuliko kilio, na ambalo mama mkwe alilikosa kwa sababu lilikuwa la kimya. Dozi ilipopandishwa kufikia miligramu 10 mara mbili, machozi ya alasiri hayakuzidi, lakini katikati ya asubuhi mwanangu akawa mtu mzima mdogo. Alijibu alichoulizwa. Hakuuliza kitu. Siku moja ya Jumamosi punda alimwangusha mjomba wake mbele ya duka, kisa ambacho kwa kawaida kingemchekesha wiki nzima, naye akatazama, akarudi kwenye kitabu. Mwalimu alinipigia simu kunipongeza. Mimi nilimpigia daktari.

Hali hiyo si ngeni, na ina umri sawa na dawa zenyewe. Mwaka 1937 daktari mmoja wa Marekani, Charles Bradley, aliyekuwa mkurugenzi wa hospitali ya watoto katika jimbo la Rhode Island, aliwapa watoto 30 Benzedrine, ambayo ni amfetamini. Kabla ya hapo alikuwa amewapa dawa hiyo watoto waliokuwa wakiumwa vichwa baada ya kutolewa maji ya uti wa mgongo ili bongo zao zipigwe picha, akidhani ingeyarudisha maji upesi. Vichwa havikupoa sana, lakini baadhi yao walibadilika darasani, ndipo akaijaribu kwa wale 30: 14 kati yao walibadilika darasani kwa namna iliyowashangaza walimu, na watoto wenyewe wakaviita vidonge hivyo vidonge vya hesabu. Hadithi hiyo husimuliwa mara nyingi ikaishia hapo. Bradley aliandika pia kuwa nusu ya watoto hao walipoa katika hisia zao, na wachache wakawa wepesi wa kulia. Katika ripoti ile ile ya kwanza, basi, umakini na hali ya moyo vilikuwa vimeandikwa pamoja, na sielewi kwa nini waliotuandikia dawa mara ya kwanza hawakutwambia cha pili.

Kupoa huko huja dawa ikiwa kileleni, na kulia huja ikiwa inashuka. Tofauti hiyo ndogo ya saa ndiyo inayomwambia daktari afanye nini, kwa kuwa kimoja humtaka apunguze na kingine humtaka alainishe mteremko. Kwetu alipunguza: 10 asubuhi, 5 mchana. Baada ya siku tatu mtoto alinisimulia kisa cha punda upya, kwa sauti zote, pamoja na ya punda.

Jirani yetu mmoja, ambaye watoto humwita ami, alinisikiliza barazani nikieleza haya yote, akatema majani pembeni, akasema: "Kumbe wampa mtoto miraa ya hospitali." Wenzake walicheka, na mimi nilikasirika hadi nilipofika jikoni, ndipo nikakiri kwamba kikemia hakukosea sana. Kathinoni, ambayo ndiyo nguvu ya miraa na ya mugoka, iliyotengwa na maabara ya Umoja wa Mataifa mwaka 1975, ina umbo linalokaribiana mno na la amfetamini, na humwaga dopamini kwa njia ile ile. Majani yakikauka, kathinoni huvunjika na nguvu yake hupungua, na ndiyo sababu mizigo inayotoka Meru hufungwa kwa majani ya mgomba na kuendeshwa kama inayokimbizwa. Ami mwenyewe anaujua mrejeo kuliko daktari yeyote: baada ya stimu ya usiku, asubuhi yake haizungumziki, na mkewe huwaonya watu wasimgongee mlango kabla ya adhuhuri.

Kinachotenganisha mambo haya mawili ni kasi na kipimo. Volkow aliona kwamba methilifenideti ikidungwa mshipani huziba visafirishi kwa kiasi kile kile cha kidonge, lakini kwa dakika chache, na mtu hulewa; ikimezwa hupanda polepole, karibu saa nzima, na mtu halewi. Ubongo huhisi mwinuko wa ghafla kuliko unavyohisi kimo chenyewe. Kidonge kina miligramu zinazojulikana, mtoto hupimwa uzito na mapigo ya moyo, na yupo mtu anayeulizwa kikimdhuru. Mzigo wa miraa hauna miligramu, na anayeutafuna huongeza majani kila anapohisi inashuka. Hata hivyo sidai kwamba dawa hii ni maji. Katika mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 1971 kuhusu vitu vinavyoathiri akili imo katika jedwali la pili, na kopo letu hukaa kwenye sanduku lenye kufuli, ufunguo shingoni mwangu.

Kufuli hilo lina sababu nyingine. Wanafunzi wangu wawili wa kidato cha nne walinijia kabla ya mtihani, kwa adabu nyingi, wakiniomba "kile cha umakini". Zamani ilidhaniwa kuwa dawa hizi humtuliza mwenye ADHD peke yake na humchangamsha asiye nayo, hivi kwamba kumpa mtoto kidonge kungekuwa kipimo cha ugonjwa. Mwaka 1978 Judith Rapoport na wenzake waliwapa amfetamini wavulana wasio na tatizo lolote, nao pia wakatulia na wakazingatia zaidi. Niliwarudisha wawili hao darasani na kuwaambia walale.

Ziko dawa ambazo hazina kupanda na kushuka kwa saa. Atomoksetini huziba kisafirishi cha noradrenalini, na kwa kuwa katika gamba la mbele visafirishi vya dopamini ni vichache, dopamini ya hapo hutegemea kunyonywa na kisafirishi hicho hicho. Likizibwa tundu moja, maji yote mawili hupanda. Manufaa yake huchukua majuma kadhaa kuonekana, hayana mrejeo wa alasiri, ila kwa watoto ina onyo rasmi la kuangalia mawazo ya kujidhuru, hasa mwanzoni, na mzazi anayepewa dawa hiyo inampasa aulize habari za onyo hilo kabla hajatoka chumbani. Daktari wetu ameiweka akiba.

Mwezi wa Ramadhani ulitufundisha mengi kwa siku chache. Mtoto wa miaka 10 hajafaradhishiwa saumu, na mwenye dawa ana ruhusa, lakini wenzake walikuwa wakifunga nusu siku naye hakutaka kuachwa. Kidonge cha daku kilikuwa kikimwisha hata kengele ya kwanza ya shule haijamaliza kulia masikioni. Daktari alimbadilishia kidonge cha kudumu, aina ambayo Marekani iliidhinishwa mwaka 2000 kwa jina la Concerta, na ambacho nilikipenda kama mwalimu kabla sijakipenda kama mama: ganda lake limetobolewa tundu moja dogo kwa leza, maji ya tumbo hupenya ndani, sehemu ya chini hufura na kuisukuma dawa nje kidogo kidogo kwa muda wa saa 10 hadi 12. Akikimeza wakati wa daku kilimfikisha karibu na alasiri, na mteremko wake ulikuwa laini. Hapa kisiwani hakipatikani, tunakiagiza Mombasa, na bei yake ilitufanya tukirudishe kile cha zamani Idi ilipopita.

Kwa hivyo saa 10 ingalipo, ila imefupika. Juzi alianza kununa kwa ajili ya kifuniko cha kalamu, na mama mkwe, bila kuinua macho kwenye ukili aliokuwa akisuka, akamwambia nduguye mdogo: "Mwache, maji yapwa hayo." Akamsogezea sahani ya viazi vya karai.

Jambo moja sijalitatua. Dawa hizi huweza kupunguza kidogo mwendo wa kukua, na kila mwezi, tarehe mosi, namsimamisha nyuma ya mlango wa chumba na kuchora mstari wa penseli. Kati ya mstari wa tano na wa sita kidole changu hakipiti. Wa saba uko juu ya wa sita kwa nusu sentimita, na nimemwandikia daktari nikimuuliza kama likizo ijayo ya shule tunaweza kuipumzisha dawa, tukaona mstari wa nane utaangukia wapi.